Nakuja Lubumbashi mwezi wa sita: gitaa kavu na maigizo ya Kiswahili nitayaona wapi?

GitaaMbeya

Wadau wa Lubumbashi, habari zenu. Mimi ni Mtanzania, naishi Mbeya, nina duka la vipuri na jioni nafundisha gitaa vijana wa kwaya. Kaka yangu ni dereva wa lori, anapeleka mizigo huko kwenu, na safari ya mwishoni mwa mwezi wa sita nimemwomba nipande naye. Tutapita Tunduma, tukate Zambia hadi Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo. Akishafika Lubumbashi huwa anakaa siku kadhaa akisubiri karatasi na mzigo wa kurudi. Muda huo yeye hulala na kuangalia mpira. Mimi nataka kuona mji.

Nimelelewa kwa mjomba aliyekuwa na kanda ya Mwenda wa Bayeke, mpiga gitaa wa huko kwenu. Gitaa nililijua kwa kuisikiliza kanda ile, naisimamisha, naijaribu, nairudisha nyuma, mpaka mjomba akaificha. Gitaa moja tu kavu, bila umeme, lakini chini besi inatembea, juu wimbo unaimba, na katikati bado kuna kitu kingine kinajibu. Swali langu la kwanza ndilo hilo: bado kuna watu wanaopiga vile, ana kwa ana?

La pili ni maigizo. Nasikia Lubumbashi ina maigizo yake ya Kiswahili cha mtaani, ya siku nyingi. Ningependa kukaa kwenye benchi nitazame, hata kama maneno mengine yatanipita.

La tatu, mke wangu ameniagiza picha ya kuchorwa kwa mkono, ya mchoraji wa huko huko.

Nimetafuta matangazo mtandaoni, naletewa hoteli na klabu za usiku. Klabu sihitaji. Mfuko wangu ni wa kawaida, miguu ninayo, na mchana kutwa nitakuwa peke yangu. Naombeni mwongozo.

Kunguru_Kamalondo

Karibu sana yaya, ndiyo kaka. Miye niko mwana wa Kamalondo, na ku upande yangu spektakle ya kwanza ya hii muji ni mpira. Mwambie kaka yako aache kulala, mukuye naye wote mbili.

Stade ya Mazembe, timu yetu, iko hapa hapa Kamalondo, ilifunguliwa 2011. Ukifika, usiangalie tu wachezaji. Kaa fasi unaweza kuona batu ya Cent pour Cent, washabiki ya Mazembe. Beko na ngoma, beko na tarumbeta, bamevaa nyeusi na nyeupe, na banaimba tangu mbele ya mechi mpaka refa anamaliza, hata kama tumefungwa. Kuko mwenye kuanzisha mwimbo, kuko benye kujibu, kuko mwenye kubadilisha ngoma wakati mpira inaenda ku kona. Weye mwalimu wa kwaya utaelewa mara moja kama ile kazi inafanyiwa repetisio, ndiyo mazoezi.

Na kama bao inaingia utaona batoto banakaa chini na kuruka na matako sawa Kidiaba, golikipa wetu. Ni ile aliruka kule Abu Dhabi 2010, tulipochapa Internacional ya Brazil 2-0 na kuingia fainali ya dunia ya vilabu. Fainali Inter ya Milano ilitufunga 3-0, lakini mutu wa hapa hatasahau ile mwezi.

Angalia kalendari kwanza, sababu mwezi wa sita shampiona inaweza kuwa imeisha. Kama Mazembe haina mechi, uliza Lupopo, timu ingine ya hii muji. Bale ni batu ya reli tangu zamani, bluu na manjano, beko na nyimbo zabo. Ile siku usivae nyeusi na nyeupe.

Mama_Fundi_Kenya

Mwalimu, karibu Lubumbashi. Nianze kwa kusema maneno yangu yanatoka wapi. Mimi ni fundi wa kushona, nakaa komini ya Kenya, ambayo ni mtaa wetu hapa, si nchi ya Nairobi. Nashonea vikundi vya maigizo, vya ngoma na kwaya za parokia. Baba yangu aliimba na vijana wa mtaa tangu kabla sijazaliwa. Kwa hiyo wasanii wa mji huu nawaona wakiwa bado na pini mgongoni.

Ushauri wangu kwako ni mmoja, na ningependa uushike kabla ya mengine yote: usitafute tangazo, tafuta mazoezi.

Onyesho hapa tarehe yake huhama. Ukumbi umepewa watu wa arusi, umeme umekatika, mpiga besi ameitwa Kolwezi kwenye kazi ya mgodi. Mgeni aliyekuja kwa tangazo anakuta mlango umefungwa na mlinzi hajui kitu. Mazoezi hayana shida hiyo. Kikundi kilichozoea kukutana Jumatano na Ijumaa alasiri kitakutana Jumatano na Ijumaa alasiri, nyuma ya shule, uani kwa mtu, au kwenye ukumbi mdogo wa parokia. Mwezi wa sita hakuna mvua ya kuwafukuza. Mlango uko wazi, watoto wamepanda ukutani, na mgeni akibisha hodi na kusalimia anapewa kiti. Hakuna tikiti. Na kwa mtu kama wewe, anayefundisha, hapo ndipo utaona jambo linavyotengenezwa.

Nikupe mfano wa juzi. Nilikwenda kupima koti la mwigizaji kwenye kikundi kimoja cha hapa mtaani. Kisa chao ni cha mahari: kijana amefika ukweni, mbuzi amepungua mmoja, na mjomba aliyetumwa kusema anazunguka na maneno ili mbuzi yule asitajwe. Hakuna karatasi hata moja. Wamekubaliana tu kisa, kila mmoja anajua anaingia lini na anatoka lini, maneno wanayapata hapo hapo. Kiongozi akasimamisha: "Mtu mzima hazungumzi na mkwe akiwa amesimama. Tafuta pa kukaa." Wakarudia. Safari hii mjomba akatafuta kiti, hakuna kiti, akachuchumaa huku bado anasifu nyumba, na koti langu likampasukia begani. Uani watu walilia kwa kicheko. Nimelishona upya nikaongeza upana, kwa sababu sasa kuchuchumaa kumeingia kwenye mchezo.

Namna hiyo ya kuigiza bila maandishi ni ya kikundi cha Mufwankolo. Mzee Mufwankolo, jina lake la kuzaliwa Odilon Kyembe, ndiye aliyeufanya mji mzima ujicheke kwa Kiswahili chake wenyewe, kwenye redio na televisheni, miaka na miaka. Wataalamu wa ng'ambo walikuja kuandika juu yao. Mume na mke, bosi na mfanyakazi wa mgodi, chifu na watu wake, yote aliyaweka jukwaani kwa lugha ya sokoni, wakati shuleni tulikuwa tunafundishwa kwamba tamthilia ni kitu cha Kifaransa. Vikundi vingi unavyoviona leo mitaani vimejifunzia hapo, kwa kutazama.

Sasa gitaa. Mwenda alizaliwa Bunkeya mwaka 1930. Hugh Tracey, yule Mwingereza wa Afrika Kusini aliyekuwa akizunguka na mashine ya kurekodi, alimkuta Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, mwaka 1952. Mwaka 1990 tulimpoteza kwa ajali ya gari. Hakuwa peke yake: alikuwepo Losta Abelo, alikuwepo Edouard Masengo, ambaye wazee wa Nairobi nao wanamkumbuka. Na wapo wanaopiga vile mpaka leo, ila hawamo kwenye baa za barabarani. Kwenye baa utakuta kinanda cha umeme na spika kubwa. Wenye gitaa kavu ni wazee, wengine wamestaafu Gécamines, kampuni ya mgodi, au reli, wanapiga kwao jioni, au wakiitwa kwenye sherehe ya familia.

Nyuma ya duka langu anakaa mmoja. Jina silitaji maana sijamwomba ruhusa. Anapiga kwa kidole gumba na cha shahada tu, vingine vimejikunja. Mbele yake anakaa mjukuu wake na chupa ya Fanta tupu na kisu cha mezani, anagonga shingo ya chupa, kri-kri, kri-kri-kri. Ukimtazama utadhani kijana ndiye anayemfuata mzee. Mzee mwenyewe anasema ni kinyume: chupa ikiyumba, gumba lake linapotea, anaanza upya. Kabla ya kupiga anakaza nyuzi kwa namna yake, na wimbo ukibadilika anazilegeza tena, na hapo ndipo vijana wengi wanaojifunzia kwenye simu wanakwama. Wanaiga vidole, ukazaji wa nyuzi hawaujui. Ukija, tazama mkono wa kushoto wakati hapigi.

Kwa hiyo beba gitaa lako. Mtu mwenye gitaa mgongoni akiuliza "nani anapiga kavu hapa?" anajibiwa na kila mtu, hata na manseba, wale wa teksi za pikipiki. Muulize fundi anayetengeneza magitaa, muulize mwalimu wa kwaya kwenye parokia. Mapokezi ya hoteli watakuelekeza klabu. Na beba seti mbili tatu za nyuzi mpya za zawadi. Mzee mwenye nyuzi zenye kutu ukimpa seti mpya, jioni hiyo ni yako.

Jumapili usikae mahali pamoja. Asubuhi ingia misa ya Kiswahili kwenye parokia yoyote ya mitaa, Kenya au Katuba, usiende kanisa kuu la mjini peke yake ingawa nalo ni zuri. Baadaye tafuta Wakimbangu, waumini wa kanisa la Simon Kimbangu: wana bendi yao ya matarumbeta na wana filimbi, wamevaa sare, na nidhamu yao utaisifu ukirudi kwenu. Wewe wa kwaya jua pia kwamba hii ni nchi ya Missa Luba, misa ya Waluba, ile iliyotoka Kamina, watoto wakaenda kuiimba Brussels mwaka 1958.

Na ukisikia Jecoke wanacheza popote, acha shughuli nyingine. Ni Jeunes Comiques de la Kenya, vijana wachekeshaji wa komini yetu tangu enzi za Wabelgiji. Wanaimba, wanacheza, wanachekesha, yote kwa pamoja. Ukisikiliza kwaya yao utasikia kusini: reli ilifika hapa mwaka 1910 kutokea huko Rhodesia, ikaleta watu wa kazi, watu wakaja na nyimbo. Mji huu ulijazwa na wageni wa kila upande, Wabemba, Waluba, watu wa Kasai, watu wa Nyasa, na Kiswahili ndicho kilichowaweka meza moja. Mimi ninaposikia sauti zile nne zinaingia moja baada ya nyingine, namsikia baba.

Jambo moja la kukwepa. Upo ukumbi mjini, siutaji, ulionilipia nusu ya mavazi na kutangaza bendi nzima. Siku ilipofika alipanda jukwaani mwimbaji mmoja na mashine, akawa anafungua mdomo juu ya muziki uliorekodiwa. Watu walilipa. Kabla ya kutoa pesa yako, pita saa moja kabla uone kama ngoma na vikuza sauti vinashushwa. Kama hakuna gari linaloshusha vyombo, rudi nyumbani.

Mwana_Bozari

Jambo mwalimu, jambo mama. Mimi nimesoma uchoraji hapa Bozari, chuo cha sanaa. Mama yangu Fundi amesema vizuri juu ya mazoezi, lakini kwa heshima namwambia amemnyima mgeni katikati ya mji. Kuna mahali ambapo programu inabandikwa mlangoni na inafuatwa. Halle de l'Étoile, kituo cha Wafaransa, ni mmojawapo: pita siku ya kwanza usome ukutani, kuna matamasha, dansi, filamu, maigizo. Lugha mara nyingi ni Kifaransa, ila dansi haihitaji lugha. Wachezaji wa mji huu wana njia yao. Marehemu Dorine Mokha, aliyetutoka Januari 2021 akiwa bado kijana, alitufungulia mlango wa kuzungumza kwa mwili mambo ambayo familia hazizungumzi mezani.

Halafu kuna Picha na kuna Waza, vituo viwili vya sanaa. Picha ilianzishwa na wasanii wenyewe, akiwemo Sammy Baloji, mpiga picha aliyechukua picha za zamani za wafanyakazi wa mgodi na kuwasimamisha tena mbele ya viwanda vilivyokufa. Tangu 2008 wanaandaa maonyesho makubwa ya mji, watu wanakuja kutoka nchi nyingi. Si kila mwaka, na mwezi wa sita huenda usiyakute, lakini uliza kama kuna onyesho dogo au mazungumzo. Waza nao wanapokea watu, wana vitabu, na mtu akiuliza jambo la sanaa ya hapa hafukuzwi.

Makumbusho ya taifa usiyaruke. Ingia uone misalaba ya shaba, ile iliyokuwa pesa ya nchi hii kabla ya Mzungu, na vyungu vilivyochimbwa makaburini huko Upemba. Ukitoka hapo utaelewa kwa nini shaba haituishii mikononi.

Sasa picha ya mama wa nyumbani kwako. Historia yetu ya rangi ina njia mbili, na ni vizuri ujue unanunua ipi. Ya kwanza ni ya Hangar. Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana yenye jina hilo, akawapa vijana rangi na kuwakataza kuiga Ulaya. Humo walitoka Pilipili Mulongoy na samaki na ndege wake, Mwenze Kibwanga anayejenga mtu mzima kwa mistari mifupi mifupi, na Bela aliyepaka kwa ncha za vidole bila brashi. Mpaka leo utaona picha za ndege na majani zinazotoka kwenye mkono ule. Ni nzuri ukutani, lakini nyingi zinanakiliwa, kwa hiyo angalia kama mchoraji ameweka kitu chake.

Njia ya pili ni ya mitaa. Hiyo ndiyo ninayoipenda mimi. Tshibumba Kanda-Matulu miaka ya 1970 alichora historia yote ya nchi, picha baada ya picha, kwenye kitambaa cha magunia ya unga: wafalme wa zamani, Wabelgiji, Lumumba, Katanga yetu kujitenga na Kongo, na maneno ameyaandika humo humo. Watu wa kawaida walining'iniza sebuleni picha za mamba muntu, yule mwanamke nusu samaki mwenye saa mkononi na nyoka mwilini, au askari wa koloni anamchapa mfungwa viboko. Leo sebule zina televisheni ukutani, na wachoraji wa aina hiyo wamepungua sana. Ukimpata mmoja, usimwombe punguzo kubwa. Mwombe akueleze picha. Picha hizi zilichorwa ili zizungumziwe, na mchoraji akianza kueleza utasahau lori.

Kama bajeti ni ndogo, kuna picha za shaba iliyogongwa kwa nyundo, na malakaiti ya kijani. Ukinunua malakaiti, shika mkononi: jiwe ni zito na baridi.

GitaaMbeya

Jamani, asanteni sana. Nimemsomea kaka, amekubali kuamka. Shikamoo Mama Fundi, nitabeba gitaa na nyuzi.

Naongeza maswali kidogo. Kwenye mazoezi naweza kurekodi kwa simu, ili vijana wangu wa kwaya wasikie? Nikitaka kutoa chochote, nampa nani na kiasi gani kisichomdhalilisha mtu? Usiku kurudi ni salama? Na rafiki mmoja hapa Mbeya ameniambia nyimbo nzuri kuliko zote za Wakongo ziko misibani. Je, mgeni anaweza kwenda?

Mama_Fundi_Kenya

Marahaba mwanangu. Nakujibu moja moja, nina gauni la arusi la kumaliza.

Kilioni usiende kutafuta muziki. Rafiki yako amesema kweli juu ya nyimbo: usiku wa kilio watu wanakaa nje hadi alfajiri, wanaimba, na vikundi vingine vinaalikwa. Lakini pale kuna mama aliyepoteza mtoto, na mtu wa mbali ameketi na simu mkononi akitafuta wimbo. Hapana. Ikiwa mwenyeji wako mwenyewe amefiwa, au jirani wa unapolala, na ukaambiwa "twende", hapo nenda. Toa mchango mdogo kwa wanaoandika majina, kaa na wanaume, imba ukijua kuitikia. Simu ibaki mfukoni.

Kurekodi mazoezi: omba kiongozi kabla hawajaanza, mbele ya wote, na useme utaipeleka wapi. Watakubali, watu wa hapa wanapenda kusikika mbali. Lakini wakubaliane kipande gani. Mchezo ambao haujatoka ukisambazwa, kikundi kingine kitaucheza wiki ijayo, nimeona jambo hilo likivunja urafiki. Na ukishafika nyumbani, warudishie nakala. Wazungu wengi wamerekodi hapa, wazee wetu wakafa hawajasikia sauti zao. Mzee wa nyuma ya duka langu hana wimbo wake hata mmoja kwenye simu ya mtu wa familia. Ukimrekodi, mwachie mjukuu.

Njiani simu usiinyanyue ovyo. Majengo ya serikali, askari, mpaka, daraja, achana navyo. Hata jumba kubwa jeupe la tiatro ya zamani, ambalo sasa ni bunge la mkoa, ulitazame kwa macho tu. Ni jengo zuri, la miaka ya 1950, na mimi bado ninasikitika kila nikipita kwamba mji wa watu wengi hivi wenye vipaji ulijengewa tiatro ikageuka mahali pa siasa.

Kutoa: usigawe pesa mtu mmoja mmoja, utawagombanisha. Mwanzoni ulizia bei ya kazie (kreti) moja ya soda, uagize iletwe, watoto wapelekewe wa kwanza. Hicho ni kitu cha wote na hakuna anayeaibika. Mwisho, ukitaka kuongeza, mpe kiongozi mkononi, ataje mbele ya kikundi. Dola zinapokelewa kila mahali lakini noti iwe safi. Yenye mpasuko hata wa kucha itarudishwa, na mtu wa dukani hana kosa, maana naye atakataliwa. Badilisha kiasi upate faranga za taksi na vitu vidogo.

Usiku: mazoezi mengi yanaisha giza linapoingia, kwa hiyo usiku mwingi hautakuhitaji. Ukialikwa onyesho la usiku, sema tangu mapema kwamba huna wa kukurudisha. Kikundi kitakupa mtu wa kukusindikiza mpaka mlangoni, ni desturi. Usirudi peke yako kwa pikipiki usiyoijua. Saa zetu ziko nyuma ya zenu kwa saa moja, badilisha saa yako ukivuka Tunduma. Na beba sweta nzito. Mnadhani Kongo yote ni joto, lakini tuko juu ya mita elfu moja na zaidi, na mwezi wa sita alfajiri tunapuliza moshi mdomoni. Vidole vya gitaa havipendi baridi hiyo. Mzee hupasha mikono kwenye mbabula, jiko la makaa, kabla hajagusa nyuzi.

Chakula cha kusubiria mazoezi ni michopo, nyama choma ya mbuzi, kandokando ya barabara. Kwa bukari na sombe, ndiyo ugali na kisamvu chenu, utakuja kwangu, duka langu halijifichi, wewe uliza fundi wa mavazi ya vikundi.

Kuhusu picha, mwana wa bozari amesema yote, naongeza la fundi wa vitambaa. Rangi ya mafuta kwenye kitambaa cha gunia inachelewa kukauka kwenye baridi. Nunua siku za kwanza, usingoje siku ya kuondoka, iachie mchoraji aitundike, uichukue imekauka. Usiikunje. Izungushe upande wenye rangi ukiwa nje, uiweke ndani ya bomba la plastiki la maji, pande zote mbili uzibe kwa kitambaa. Mwombe mchoraji aandike karatasi yenye jina lake, bei na tarehe, uionyeshe Kasumbalesa wakiuliza. Sanamu au vinyago vinavyouzwa kwa kusifiwa kuwa ni vya kale usiviguse kabisa, hivyo vina mahali pake makumbusho.

Kaka yako akijua wiki gani hasa mtafika, andika hapa. Kikundi cha mahari kinatafuta siku ya kuonyesha Katuba, nao wakiipata nitakuandikia. Wasipoipata, Jumatano na Ijumaa wako uani.